Mfuko Uliolia Njia Yote

Constance yuko pale Lushebere, kamuulizeni; mimi nasema tu alivyonieleza. Binti yake Nyiraneza aliolewa Walikale, na siku zake za kuzaa zilikuwa zimekaribia. Akatuma neno: "Mama, huku pori iko giza sana. Unitumie taa."

Wenye kamyo, yale malori ya pale Sake, walikataza petroli, mafuta ya taa, katika mizigo, na wanyama vilevile. Constance akaijaza taa petroli, akaifukia katikati ya mfuko wa maharagwe, akaushona mdomo kwa kamba ya mugomba.

"Iko nini ndani?" akauliza Evode, shofere wa kamyo.

"Maharagwe tu, Papa."

Juma lililofuata Evode aliurudisha mfuko, amekasirika. "Mama, si tulikataza wanyama? Kitu ulitia mule ililia njia yote, kama kitoto ya paka. Ndani ya pori, giza tupu, hatukulala. Tulipofika Walikale, ikanyamaza."

"Na Nyiraneza?"

"Nilingoja. Hakuna muntu alikuja kuichukua."

Constance angekana mnyama, angeulizwa alichoficha. Akaubeba mfuko mpaka nyumbani.

Mshono ulikuwa wake, fundo kwa fundo. Akamwaga maharagwe. Petroli ilikuwa imekwisha, utambi umeungua hadi chini, na kiberiti hakutia. Kioo kilikuwa cheusi kwa masizi, na juu ya masizi kuna alama. Akaisugua kwa kitambaa, haikutoka. Ilikuwa upande wa ndani, pale mkono wa mtu haupiti: vidole vitano vidogo, vya mtoto aliyezaliwa jana.