Meli Iliyolala Tarampi

"Dawa ya chumba namba tisa imebadilishwa. Mpe kabla ya saa nne."

Simu ikakatwa.

Kendi Mugambi alibaki amesimama katikati ya korido ya nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa Perry Barr, Uingereza, sinia mkononi. Uji ulikuwa ukimwagikia viatu vyake vyeupe na yeye hana habari.

Aliyepiga alikuwa Yasir. Wateja wake kule mtaa wa Alum Rock walimjua kama Mzanzibari mpole, muuza mchele na viungo, mwingi wa utani. Kendi alimjua kama mkuu wake wa kazi. Na maneno yale yalikuwa na maana moja tu.

Adui yuko njiani.

Saa tatu na dakika arobaini na tano.



Kwa miezi minne Kendi alikuwa akiwaogesha wazee, akiwalisha, akiwabadilishia mashuka. Hakuna aliyejua kwamba ametumwa na Idara ya ujasusi, kutoka Nairobi, kumlinda mtu mmoja: Mzee Sukhdev Singh, mwenye miaka tisini na tisa, mzaliwa wa Kisumu, aliyewahi kuwa mtuma ishara kwenye manowari katika vita dhidi ya Wajapani.

Mwaka 1945 manowari yake iliipiga topido meli ya mizigo ya Kijapani karibu na kisiwa kidogo kiitwacho Tarampi. Tumboni mwa meli ile mlikuwa na makombora elfu mbili ya gesi ya sumu. Wiki moja baadaye ndege ya Kijapani iliiangukia manowari yenyewe. Ramani zikaungua. Maafisa wakafa. Leo aliyejua meli ile imelala wapi alikuwa amebaki mmoja duniani.

Na walikuwepo watu waliotaka kuyaopoa makombora hayo na kuyalipua katika bandari ya Mombasa. Meli yao ya uopoaji ilikuwa tayari baharini, ikisubiri kuelekezwa. Idara haikujua iko bahari gani.

Kendi aliweka sinia chini. Akaenda chumba namba tisa, haraka, bila kukimbia.

Akafungua mlango.

Adui alikuwa ameshafika.

Alikuwa mwanamke wa makamo, sweta la kijani, miwani ya kamba, mfuko wa kufumia miguuni. Mbele yake kulikuwa na kinasa sauti kidogo cha Sony.

"Karibu, nesi," alisema kwa Kiingereza laini. "Naitwa Fiona. Natafiti habari za maveterani. Mzee ananisimulia vita."

Saa iliyobandikwa kifuani mwa Kendi ilitetemeka mara tatu, ishara kwamba karibu kuna mtambo unaorusha mawimbi.

Kinasa sauti kile hakikuwa kikinasa tu. Kilikuwa kikirusha sauti nje. Kuna mtu alikuwa akisikiliza.

Kendi alijifanya anainyoosha saa. Akabonyeza kitufe chake. Sasa na Yasir alikuwa akisikia.

"Tulikuwa tumepigania visiwa vitatu," Mzee Sukhdev alikuwa akisema kwa Kiingereza, macho yake dirishani. "Nchi kavu Wajapani wamejichimbia mapangoni, hawatoki. Baharini ndege zao zinakuja chini kabisa, zinajibamiza kwenye sitaha. Meli iliyokuwa mbele yetu niliiona ikikatika vipande viwili. Rafiki zangu wakawa wanaelea kwenye mafuta yanayowaka, wananiita. Kwa jina langu, bibi. Na meli yetu haikuruhusiwa kusimama."

"Na Tarampi?" Fiona aliuliza. "Ile meli ya mizigo ilizama wapi hasa?"

Kendi aliinama kuuweka sawa mto. Akatabasamu. Akasema kwa Kiswahili, "Mzee, usimjibu. Huyu si mtu mzuri. Jifanye umechoka."

Mzee hakugeuka. "Nimesikia, mama," alijibu, kwa Kiswahili kilekile alichokuwa akikiongea na mafundi wa reli Kisumu.

Simu ya Fiona ikalia. Akaiweka mezani, spika wazi.

"Dada," ilisema sauti ya mwanamume. Kiswahili cha Dar es Salaam, taratibu, bila hasira. "Mwache mzee wa watu aongee. Mimi naitwa Makungu. Nipo hapo nje kwenye gari. Nakusikia mpaka unavyohema."



Fiona aliingiza mkono katika mfuko wa kufumia. Ukatoka na bastola ya Glock yenye kiwambo cha kuzuia sauti.

"Funga mlango, nesi."

Kendi alifunga. Mkono wake uliteleza kwenye kitasa mara mbili kwa jasho. Mafunzoni walimwambia kwamba woga huisha mara tu bastola inapoonekana.

Walimdanganya.

"Mzee Sukhdev," Fiona alisema, akimlenga Kendi kifuani. "Nataka mahali. Ukikataa, utamwangalia binti huyu akifa."



Vidole vya mzee vilianza kutetemeka juu ya chuma cha kitanda. Vinagonga, vinakwaruza, vinagonga.

"Maskini," Fiona alisema. "Anaogopa."

Kendi naye alidhani hivyo. Kisha akasikia vizuri. Mapigo mawili mafupi, mkwaruzo mmoja. Kituo. Mikwaruzo mitatu.

Morse, herufi za mapigo za watuma ishara.

Alijifunza Morse mafunzoni na nusura afeli. Sasa alizikamata herufi moja moja, akiomba Mungu asikose.

U. O. N. G. O.

Kituo.

L. I. A.

Hakuhitaji kuigiza. Machozi yalikuwa yameshafika.

"Mzee, usiwaambie!" alipiga magoti. "Nakuomba! Wataua watu wetu! Bora waniue mimi!"

"Anasemaje?" Fiona aliuliza.

"Anamwomba mzee asiseme," Makungu alijibu simuni. "Basi anajua. Mbane."

Mzee Sukhdev alifumba macho. Midomo ilimcheza. Kisha alizitaja namba, digrii na dakika, polepole, kama mtu anayezikata nyamani mwake. Makungu alizirudia mara mbili.

"Nimetuma," alisema. "Meli inageuza."

Fiona aliuchukua mto wa mzee.

"Asante. Nesi, lala kifudifudi."

Kando ya kitanda ilisimama mashine ya kuinulia wagonjwa, chuma kizito juu ya magurudumu. Kendi alianza kulala. Katikati ya safari aliusukuma mlingoti wa mashine kwa bega, kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Mkono wa chuma wa mashine ulimgonga Fiona kwenye kifundo cha mkono.

Paf!

Risasi ikaingia darini. Bastola ikaruka chini ya kabati.

Fiona alikuwa mwepesi. Vidole gumba vyake vilifika kooni mwa Kendi kabla hajasimama. Chumba kikaanza kuwa cheusi. Hewa hakuna. Kendi aliona wazi kwamba anakufa, Jumanne asubuhi, mbali na kwao, na uji viatuni.

Fiona akapiga ukelele.

Mzee Sukhdev alikuwa amemmwagia mgongoni chai ya moto ya chupa, yote.

Kendi alivuta mkanda wa mashine, akaupitisha chini ya makwapa ya Fiona, akauning'iniza kwenye ndoano, akabonyeza kitufe cha kijani. Mashine ilikoroma. Ikamnyanyua Fiona taratibu, mpaka miguu yake ikaachana na zulia.

Ikamwacha hapo, akirusha mateke hewani.

Nje, matairi yalilia.

"Gari la mchele limeziba geti," Yasir alisema kwa redio ndogo iliyofichwa sikioni mwa Kendi. "Makungu katiwa pingu. Uko hai, bibie?"

"Niko hai."

Kisha akatapika kwenye beseni.

Polisi walimshusha Fiona na kuondoka naye. Saa tisa alasiri Yasir alipiga tena.

"Meli moja tu iligeuza kuelekea mahali alipotaja mzee. Setilaiti imeiona. Wanamaji wameshaipanda."

Kendi alimpa mzee habari.

"Nimewapeleka kwenye mwamba," mzee alisema. "Ulitukamata sisi wenyewe siku mbili." Alimtazama. "Uliogopa, mama?"

"Bado naogopa."

"Mimi pia. Tangu siku ile."

"Kendi," Yasir aliita sikioni. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Makao makuu wanataka mahali halisi. Muulize."

"Wanapataka kwa nini?"

"Hawakusema."

Kama Makungu, nao walitaka kujua makombora yalipo. Mzee alikuwa amesikia swali la Kendi, akaelewa. Alifungua mdomo.

Kendi aliweka kidole juu ya midomo yake mwenyewe.

"Mzee amesahau," alisema.

"Kendi..."

"Ana miaka tisini na tisa, Yasir. Amesahau."



"Basi amesahau," Yasir alisema mwisho.

Kendi alimfunika mzee blanketi mpaka mabegani. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akatoka getini akiwapita polisi waliokuwa wakipiga picha. Kwenye kituo cha basi, watu walikuwa wamepanga foleni. Alisimama nyuma yao, mikono mifukoni, akapanda basi la kwanza lililokuja bila kusoma linakwenda wapi.