Mwache Angurume

Fundi makochi alifanyia kazi sebuleni kwake. Kutwa alipigilia misumari, alikata sponji, alivuta kitambaa. Mbwa wake mzee, Kamanda, alijilaza mlangoni mwa chumba cha kulala. Alikuwa akimngoja mke wa fundi. Mama yule alikuwa amefariki, lakini mbwa angeelezwa na nani?

Nyumba ilipooza. Fundi na binti yake walikula kimyakimya. Binti akimtaja mama yake, fundi alisema, "Yamekwisha hayo. Kula." Basi binti alikula.

Jumamosi moja binti alirudi na mbwa jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Alikuwa amemchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa.

"Baba, huyu anaitwa Karanga. Kimya cha humu ndani kinanielemea. Na Kamanda naye apate mwenzake."

Fundi alikuwa mkali, lakini kwa kukarimu wageni hakuwa na mpinzani. "Mgeni hasimamishwi mlangoni," alisema. "Mlete ndani, wasalimiane."

Karanga akaingizwa moja kwa moja hadi sebuleni. Kwa kuwa ni mgeni, akapewa chakula kwanza, tena katika bakuli la Kamanda. Kisha fundi akamvuta Kamanda kwa ukanda wa shingoni hadi pua zikagusana.

Kamanda akanguruma. Fundi akamchapa kofi.

"Huna haya! Mgeni anangurumiwa?"

Akanguruma tena, akachapwa tena. Safari hii akanyamaza.

"Umeona?" fundi alijigamba. "Mbwa ni kufundishwa tu."

Jioni Karanga alipita karibu na mlango wa chumba. Kamanda hakutoa sauti yoyote. Alimrukia tu, akamng'ata shingoni. Binti akaingiza mkono kuwaamua, naye akaumwa. Damu ilidondokea kochi la mteja.

Binti aliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi ya bomba, kisha akaenda hospitali kuchomwa sindano. Aliporudi, fundi alikuwa ameshaamua.

"Kesho huyo Karanga anarudi alikotoka."

"Basi na mimi nitatafuta chumba kwingine, baba," binti alijibu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha fundi. Usiku huo hakulala.

Asubuhi binti alimwita mfanyakazi wa kituo. Alikuwa dada mnene, mwenye maneno mengi. Alivitazama vidonda vya Karanga, akaacha kutania.

"Kamanda hakutoa onyo?" aliuliza.

"Mchana alinguruma," alisema fundi. "Nikamchapa, akaacha."

"Hapo ndipo ulipokosea, mzee wangu. Mbwa akinguruma anasema: naogopa, nipe nafasi. Ukimchapa, hofu haimtoki. Anachoacha ni kukuonya tu. Hofu imebaki palepale, na siku ikimzidi anauma."

Fundi alitazama chini.

"Sasa tufanyeje?" fundi aliuliza hatimaye.

"Muwatenge vyumba. Kila mmoja awe na bakuli lake, na mlango ufungwe wakati wa kula. Muwabadilishie matandiko, huyu alalie ya mwenzake, wazoeane kwa harufu. Halafu wakutanisheni nje, mahali pasipo pa yeyote kati yao. Kila mtu ashike mbwa wake, kamba ilegee, mtembee upande mmoja mkiwa mbalimbali. Wakitulia, sogeeni kidogo. Mmoja akinguruma, rudini nyuma. Na wakipigana, msitie mkono. Wekeni ubao katikati yao."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wenyewe watulie. Usiwaharakishe."

Wakaanza kutembea kila jioni kando ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa. Mara nyingi mvua iliwanyeshea. Fundi alimshika Kamanda upande huu wa barabara, binti alimshika Karanga upande ule. Siku nyingine walisogeleana, siku nyingine mambo yaliharibika wakarudi nyumbani wamenuna wote wanne. Fundi alichoka, lakini kila alipokumbuka maneno ya binti yake alichukua kamba.

Ikafika siku mbwa wakakaa chumba kimoja, fundi na binti wakiwa macho. Karanga akasogelea mlango wa chumba cha kulala. Kamanda akanguruma.

Mkono wa fundi ukainuka. Akaushusha.

"Sawa, mzee mwenzangu," alisema. "Nimekusikia."

Binti akamwita Karanga, naye akarudi, akalala karibu na dirisha. Kamanda akateremsha kichwa chake. Baada ya muda wote wawili walisinzia. Karanga hakurudishwa kituoni.

Jioni baba na binti walikaa mezani.

"Baba," alisema binti, "nimemwota mama."

Fundi akaweka kijiko chini. Neno lake la siku zote lilimfika mdomoni, akalizuia.

"Alikuwaje?" aliuliza.

Binti akaangua kilio, na baba yake hakumnyamazisha.