Mti Uliokaa Mahali Pabaya

Mshonaji alirudi nyumbani jioni mgongo ukimwuma. Kutwa nzima alikuwa amekanyaga cherehani. Kabla hajavua viatu, alishika ndoo. Maji machafu yalikuwa yamejaa tena bafuni.

"Pole, mwanangu," alisema mama mkwe. "Choo nacho kimekataa."

"Kimekataa tangu wiki jana, mama. Humu ndani kinachokubali ni kazi tu."

Aliteka, akamwaga, akarudi kuteka. Chumbani binti yake alilala amejikunja. Tumbo lilikuwa likimsokota.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu: mshonaji, binti yake na mama mkwe. Mume alikuwa amefariki. Nyuma ya nyumba aliacha mti wa kivuli alioupanda kwa mkono wake. Aliupanda penye unyevu, nao ukastawi haraka. Mama mkwe alishinda chini yake. Kando ya mti mshonaji alipanda mboga za majani, maana pale hapakuhitaji kumwagiliwa.

Siku ya pili mshonaji alimpeleka mtoto zahanati. Walipewa dawa. Waliporudi, jirani yao, bibi afya, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akasikia harufu, akazunguka hadi nyuma ya nyumba.

"Tangi la maji taka liko wapi?" aliuliza.

"Hapo, chini ya mfuniko."

"Na maji yakitoka tangini yanakwenda wapi?"

"Sijui, dada. Yanapotelea ardhini."

"Hapana. Yanaingia kwenye mabomba yenye matundu. Mabomba hayo yamezikwa hapa tuliposimama. Yakitoka humo, udongo unayanyonya na kuyasafisha polepole. Sasa tazama mlichopanda juu yake."

Mshonaji aliutazama mti. 

"Mizizi haina adabu," bibi afya aliendelea. "Ikisikia maji, inapenya hata tundu la sindano. Nadhani imeziba mabomba. Ndiyo maana maji yanawarudia ndani."

"Na mboga zangu?"

"Msizile. Udongo huu una vijidudu vya kinyesi. Na mkigusa maji yale ya bafuni, naweni kwa sabuni. Tumbo la mtoto si bure."

"Basi hapa nipande nini?"

"Nyasi fupi. Mizizi yake haifiki mbali, na inashika udongo. Miti ikae mbali. Msijenge hapa, msimwage saruji, wala gari lisiegeshwe. Na maji ya mvua kutoka paani yaelekezeni kwingine."

Mama mkwe alikuwa akisikiliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mti wa mwanangu haukatwi," alisema. "Labda mnikate mimi kwanza."

Mshonaji hakubishana. Nguvu za kubishana angezitoa wapi? Alichukua ndoo, akaingia bafuni.

Mama mkwe alimsikia akiteka. Kisha akasikia kimya. Akaita, asijibiwe. Akajikongoja na mkongojo wake mpaka mlangoni. Mkwewe alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, kichwa ukutani, miguu ndani ya maji machafu. Amelala fofofo.

Mama mkwe aliinama, akamshika bega.

"Mwanangu aliupanda tupate raha," alisema. "Hii si raha. Amka, mama. Mwite fundi."

Fundi bomba alikuja na mwenzake. Siku ya kukata mti, mama mkwe alifunga dirisha na kujilaza. Shoka lilipolia, alijifunika kanga usoni. Fundi alifukua mabomba, akakuta mizizi imejaa kama nywele zilizosokotana. Mabomba mabovu aliyabadilisha. Mshonaji aling'oa mboga, akapanda nyasi. Mboga nyingine alizipanda mbele ya nyumba, ndani ya magunia. Kisha wakachimba mfereji wa kupeleka maji ya paa upande mwingine.

Nyasi zilishika. Masika yalipofika, mvua ilinyesha siku nyingi, lakini bafu lilibaki kavu. Mtoto alipona, akarudi shule, na kelele zake zikarudi nyumbani.

Jioni moja mshonaji alirudi kutoka kazini, akavua viatu. Akasimama katikati ya chumba, asijue ashike nini.

"Unatafuta nini?" mama mkwe aliuliza.

"Sitafuti kitu, mama. Naona hakuna kazi."

"Basi njoo hapa ukae. Tangu uolewe sijakuona umekaa."

Akakaa.