Niliandika Msiba wa Mama Yangu Bila Kujua

Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Ukata, wilayani Mbinga. Ndugu zangu mnaosoma, haya sijawahi kumsimulia mtu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Msidhani nina roho ngumu nikiyaeleza bila chozi... chozi lenyewe limegoma.

Nilipata ufadhili wa kwenda Uturuki kusoma shahada ya kwanza ya sosholojia. Ukoo mzima ulinisindikiza hadi stendi. Mama, ambaye kwao ni Liuli, alinifungia usipa, wale dagaa wa ziwa letu, ndani ya kitenge chake cha bluu. Nilimcheka! Usipa niliuchukua, kitenge nikamrudishia, nikisema kitaninukisha uwanja wa ndege.

Mwaka wa mwisho alinipigia simu akikohoa. Akasema ana jambo la kuniambia kuhusu afya yake. Mimi msomi nikamkatiza! Nikamwambia nina mitihani na kazi ya utafiti, nisisumbuliwe, habari za matatizo zote zisubiri nimalize. Akasema sawa mwanangu, soma. Nikarudi kwenye vitabu vyangu.

Baada ya hapo mama akawa hapatikani. Dada Generosa, anayenifuata kwa juu, akaniambia amekwenda Liuli kumuuguza mama mdogo, na huko mtandao ni shida. Nikaamini... Kwa nini nisiamini?

Mhadhiri wangu alipenda sisi wanafunzi wa kigeni tuandike habari za kwetu. Nikachagua msiba. Kila Jumapili nilimpigia dada, daftari likiwa mkononi. Wanawake wanalala wapi? Jumuiya inakuja kusali siku ngapi? Nguo za marehemu zinagawiwaje? Dada alijibu polepole, kwa undani ulionishangaza. Siku moja nikauliza, je, mtoto aliye mbali asipofika, anafanyiwa nini? Dada akaniomba nirudie swali.

"Anawekewa kitenge kimoja," akasema. "Kinakunjwa, kinamsubiri."

Niliandika hivyo hivyo. Mhadhiri aliipigia mstari sentensi ile, akasema ndiyo bora katika kazi nzima. Nilipata alama ya juu kabisa, nikawanunulia wenzangu keki!

Nilipofika nyumbani na cheti changu, palikuwa na msalaba kando ya shamba la kahawa. Ulikuwa na jina la mama. Nilimwamkia baba, shikamoo, akaitikia marahaba akitazama chini. Nikamuuliza kwa nini walinificha miezi yote hiyo. Hakufoka.

"Ulisema usisumbuliwe, mwanangu," alisema. "Mama yako akaagiza tusikusumbue. Tukamtii."

Dada akaingia ndani, akatoka na kitenge cha bluu. Akaniambia kwamba maswali yangu yote alikuwa akiyajibu kwa kueleza yaliyofanyika kwenye msiba wa mama, na kila nilipokata simu alikuwa akijifungia chumbani kulia. Nilikipokea kwa mikono miwili. Mnajua nilichokuwa nawaza? Nilikuwa nakumbuka ile sentensi iko ukurasa wa ngapi! Ukurasa wa thelathini na moja... Ndicho kitu pekee kilichonijia kichwani.

Sasa naishi Mbinga mjini, nafanya kazi ofisini. Watu wananisifu kwamba nimetulia. Sijatulia, nimekufa ganzi. Nakula, nalala, nasalimia watu, basi.

Wadogo zangu mnaosoma mbali, nawasihi! Msiwape wazazi wenu masharti ya lini wawaambie shida zao. Mama akisema ana jambo, funga daftari umsikilize hadi amalize. Nanyi mlioko nyumbani, msituonee huruma ya namna hii, tuambieni tu... Mtihani ningeurudia mwaka uliofuata.

Kitenge bado kimekunjwa kabatini, sijakivaa. Juzi nilikiinua nikakinusa, nikitafuta ile harufu ya usipa niliyoikataa. Kinanuka sabuni tu.