Mashine Isiyochukuliwa

Sakafu ilikuwa tupu. Bolti nne zilisimama kwenye saruji, na katikati yake palikuwa na doa la oili lenye umbo la mashine ambayo haikuwepo tena.

Inspekta Bashiru wa kituo cha polisi Kibiti alichuchumaa mlangoni pa banda. Matope yalimfika magotini. Gari waliliacha kwenye karavati lililokatika, wakaja Ruaruke kwa miguu, yeye, Konstebo Faraja, na mtuhumiwa wao.

Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, jina lake Mwinyimvua, mlinzi wa banda hilo tangu chama cha ushirika kingali hai. Alivaa kofia iliyofuliwa ikafulika, na pingu mikononi. Hakuna aliyemkamata. Alijileta mwenyewe kituoni akasema, mashine niliyokabidhiwa imeibiwa. Mkuu wa kituo akamuuliza nani alitia dole gumba kwenye karatasi ya kuipokea. Akasema ni mimi. Basi, akaambiwa, kaa humo mahabusu kwanza.

"Haya mzee, ieleze tena," alisema Inspekta.

"Mara ya ngapi hii, mwanangu?"

"Mpaka niielewe."

Mzee akaieleza. Ushirika ulikufa, mali zake zikanadiwa, hiyo ilikuwa Septemba. Injini ya dizeli pamoja na kinu chake cha kukobolea mpunga ilinunuliwa na mfanyabiashara wa milima ya Umatumbi, kusini mwa mto, bwana Abdulatifu. Akalipa, akapewa risiti, akasema wiki mbili anakuja na lori. Dalali wa mnada akamtilisha mzee dole gumba kwenye karatasi: mashine asiiguse mtu ila mwenye risiti. Kisha zikaja mvua zile za Elinino. Mto ukafura pale Ndundu, pantoni ikafungwa kamba. Wiki mbili zikawa miezi mitatu.

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda Kibiti kuuliza. Mara ya kwanza dalali akaniambia subiri. Mara ya pili akaniambia subiri kidogo. Hii mara ya tatu nimekuta ofisi imefungwa, nimekaa kibarazani siku nne."

"Karatasi inasemaje mnunuzi asipokuja?"

"Mwalimu alinisomea. Inasema aje ndani ya siku kumi na nne. Asipokuja, haikusema."

"Na wanakijiji? Miezi mitatu yote hawakuitamani?"

"Waliitamani sana. Wanawake walikuja na magunia yao, baba tuwashie mara moja tu. Nikawaambia si yetu tena."

"Hata mkeo?"

"Yeye ndiye wa kwanza niliyemkataza."

"Uliporudi safari hii ya tatu?"

"Jumamosi. Nilipita hapa bandani kabla sijafika kwangu. Nikaona palivyo. Nikageuza njia ile ile kuja kwenu. Nyumbani sikufika, hata maji sikunywa." Mzee alimgeukia Inspekta. "Mwenye mali amepatikana, afande?"

Inspekta alifungua daftari akajifanya hakusikia. Alfajiri ile redio ya kituo ilikuwa imeleta jibu kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa nalo mfukoni.

Akaanza kulipima banda kwa macho. Mlango haukuvunjwa, maana haukuwa na kufuli. Ukutani palikuwa na mstari wa matope, umefika kwenye paja la mtu.

"Maji haya yaliingia lini?"

"Sijui. Nilipoondoka Jumatatu palikuwa pakavu."

Nati nne zilikuwa juu ya kenchi, zimefungwa kwenye kitambaa kwa fundo. Faraja alizifungua akacheka. "Afande, mwizi gani huyu anatunza nati?"

"Na lile pipa pale pembeni?" aliuliza Inspekta.

"La maji," alijibu mzee. "Mashine inawaka, maji yanazunguka, inapoa. Bila pipa haifiki mbali."

"Mtu anayejua mashine angeliacha?"

"Asingeliacha, wallahi."

Inspekta aliandika: *Aliyeichukua si fundi. Tena si mwizi wa kuuza.*

Nje hapakuwa na alama za matairi. Palikuwa na mifereji miwili iliyojaa maji ya mvua, imetoka bandani ikapanda upande wa mikorosho. Mita hamsini mbele walikuta lundo la boriti za mikoko, kando ya nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Inspekta aliipitisha mikono juu yake. Boriti sita zilikuwa na grisi, tena zimechubuka maganda kila upande.

"Wameiviringisha juu ya hizi, kama wanavyoshusha chombo majini," alisema Faraja. "Lakini chuma kile kinataka watu kumi na wawili, tena wanaume."

"Wanaume wa hapa wako wapi?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Wamekwenda delta kukata boriti. Wanarudi mfungo ukiandama."

Inspekta alisimama pale na mvua ikamnyeshea mgongoni.

Chakula cha mchana walikula kwa mzee. Mkewe, Bi Mwanawetu, alipoziona pingu alishika nguzo ya baraza, akaiachia, akaenda zake jikoni. Aliyesema alikuwa jirani yake Mwantumu, mtoto mgongoni, mchi mkononi.

"Shikamooni maaskari! Mmekuja na vyuma kumfunga mzee wa watu? Hebu mpeni mchi huyo mmoja, atutwangie, ana kifua."

"Marahaba," alisema Faraja. "Mimi nikishika mchi, dada, hamtakula leo."

"Basi kazi yenu nini huko Kibiti?"

Bi Mwanawetu alitoka na birika na bakuli. Akamnawisha Inspekta kwa mkono wa kushoto.

"Uniwie radhi, baba. Huu wa kulia haupandi. Bega limekufa tangu Oktoba."

"Pole, mama."

"Nishapoa."

Wali ukaletwa, na kamba wa nazi. Inspekta alitia tonge mdomoni akatafuna polepole. Yeye mwenyewe mama yake alimlea kwa mchele wa kutwanga, mchele mwekundu wekundu wenye chembe mojamoja za ganda. Huu ulikuwa mweupe. Akauangalia tena. Akawaangalia kuku. Walikuwa wamezunguka kigae, wanadonoa pumba laini kama unga, zile zinazotoka chini ya mashine tu.

Akaacha kula.

"Mama, wali mtamu. Mchele umetwanga lini?"

"Ijumaa."

"Umetwanga wewe?"

"Mimi."

"Kwa bega gani?"

Mwantumu aliacha kutwanga. Nyumba ya pili nayo mchi ukanyamaza, na ya tatu.

Mzee Mwinyimvua alimtazama mkewe. "Mama Nasma?"

"Kula, baba Nasma. Kinapoa."

"Mama Nasma, nakuuliza."

Inspekta alinawa akafuta mikono kwenye suruali. "Mama, sheria inanitaka nikwambie. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema nitaandika, na nilichoandika kitasomwa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Andika." Akakaa juu ya mkeka, mkono wa kulia ukiwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. "Jumanne maji yalikuja. Si ya mvua, ya mto. Nikaenda bandani nikayaona yanaingia. Nikasema, mwenye mali hayupo, mlinzi hayupo, maji yapo. Mume wangu ametia dole gumba. Ikizama, amezama yeye."

"Ukaita watu."

"Nilikuwa peke yangu."

"Mashine ya watu kumi na wawili?"

"Andika peke yangu."

"Mwongo huyo!" Mwantumu alipaza sauti. "Mimi nilishika kamba, na—"

"Nyamaza, Mwantumu! Una mtoto mgongoni."

Inspekta akaandika: *peke yake.* Faraja aliona, akageukia kuku.

"Nati nilizifunga kwenye kitambaa zisipotee. Spana ilikuwa kwenye mkoba wa baba Nasma. Tukaipandisha... nikaipandisha mpaka kwenye kibanda cha korosho cha marehemu kaka yangu. Kukavu kule. Nia yangu maji yakishuka irudi mahali pake, nimwambie mume wangu, anisifu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Alhamisi maji bado. Mashine imekaa pale, imekauka, dizeli imo tanki nzima. Miezi mitatu tunaitazama, baba. Mashine haina mtu, na mabega yanakatika. Mwezi mtukufu unakuja, na mpunga umo ndani haujakobolewa. Nikasema, tuiwashe tuisikie sauti yake tu. Ikawaka. Ukisikia ile sauti baada ya miezi mitatu, utazima? Tukakoboa Alhamisi. Tukakoboa Ijumaa. Magunia thelathini na moja. Watu walikuwa wanacheza, we! Jioni ikapiga ukelele kama mtu, ikatoa moshi, ikanyamaza. Hendeli haizunguki tena."

"Pipa," alisema mzee kwa sauti ndogo.

"Tuliliacha. Nilijua ni la maji, nikasema maji gani tena, tumekimbia maji." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Tulikimbia maji, ikafa kwa kukosa maji."

Hakuna aliyecheka.

"Jumamosi nilikaa mlangoni tangu asubuhi, nimeshaweka maneno yangu tayari. Nimwambie akishakula, au kabla hajala. Nikamwona kwa mbali anatokea bandani. Nikamwona anageuka. Nikamwita. Kwa mvua ile hakunisikia."

"Siku tatu yumo ndani, mama. Ungekuja kituoni."

"Nikisema, wanaingia kumi na wanane, wana watoto. Nikinyamaza anaingia mmoja, naye ni wangu. Nilikuwa napika, nafikiri. Sikupata jibu mpaka mmekuja."

Walipanda kule kwenye mikorosho. Mashine ilikuwa ndani ya kibanda, imefunikwa kanga mbili, moja mpya. Inspekta aliishika hendeli akaivuta kwa nguvu zake zote. Faraja akamsaidia. Haikutikisika. Mzee Mwinyimvua aliinama akaipapasa kichwani, hapo palipopasuka.

"Afande, mwenye mali ameshajua?" aliuliza.

Inspekta alitoa mfukoni karatasi yenye lile jibu la redio. Alitamani angekuwa na nyingine.

"Amepatikana tangu jana, mzee. Hajambo. Anasema hana haraka."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia ya nyumba asiyoijua.

"Basi mwandike na yeye," alisema Bi Mwanawetu. "Mimi niandike, na yeye mwandike."

"Niandike nini, mama?"

"Kwamba hakuja."

"Kutokuja si kosa la jinai."

"Ni nini?"

Inspekta Bashiru alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Alivipitia vifungu vyote kichwani, vya wizi, vya uharibifu, vya kutumia mali ya mtu bila idhini. Vyote vilimhusu huyu mama. Cha yule bwana hakukiona.

"Mfungue mzee," alimwambia Faraja.

Pingu zikatoka. Faraja alibaki nazo mkononi, akamtazama mama, akalitazama lile bega. "Afande, na huyu?"

"Zitie mfukoni."

Bado ilikuwapo kazi moja. Mashine sasa ilikuwa kielelezo namba moja. Sheria inataka kielelezo kiende kituoni, na watu watatu waliobaki na kiatu kimoja kimoja, kingine kimemezwa na matope, hawawezi kubeba injini. Inspekta alijaza hati ya kukamata mali. Mwisho wa hati palikuwa na mahali pa jina la mtu atakayekitunza mpaka kichukuliwe. Alitazama kijiji kizima. Wanaume wako delta. Wanawake wote walishika kamba.

Mzee alishaelewa. Alikuwa ameshanyoosha dole gumba.

"Asikiguse mtu, mzee. Hata wewe."

"Najua masharti yake."

"Mama atakwenda nasi. Nitamwombea dhamana, lakini siahidi, hakimu ndiye mwenye neno."

Bi Mwanawetu alijitanda kanga ile kuukuu, mpya akaiacha juu ya mashine. "Baba Nasma, wali upo kwenye sufuria. Usiwape kuku."

"Nenda salama."

Walianza kuteremka. Chini kijijini michi ilikuwa imeanza tena, mmoja, halafu mingi. Mzee akawafuata hatua tatu, akakumbuka kazi yake, akasimama.

"Afande! Kitu hiki kitachukuliwa lini?"

"Barabara ikikauka. Lori likipatikana."

"Lini, mwanangu?"

Inspekta Bashiru hakugeuka.

"Wiki mbili," alisema.