Malkia Hakufika Mtoni

Kivuli cha mtu ni cheusi, awe tajiri awe fukara. Ndiyo maana jioni ile Anjinamma aliweka chini sahani ya ugali wa ulezi, akautazama ukuta mara ya pili. Binti yake, Nagaveni, alikuwa amekaa mbele ya taa akisuka nywele, na kivuli chake ukutani kilikuwa na rangi. Chekundu mdomoni, kijani mabegani.

"Naga, hebu sogea kidogo."

Binti akasogea. Rangi nazo zikasogea.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Macho yangu tu."

Hayakuwa macho. Mtu aliyezeeka nyuma ya pazia jeupe akichezesha vikaragosi anajua ni kitu gani kinachotoa kivuli cha rangi: ngozi iliyokwanguliwa mpaka ikapitisha mwanga, kisha ikapakwa rangi pande zote mbili. Mwili wa mtoto hautoi kivuli cha namna hiyo.

Ile ilikuwa nyumba ya vikaragosi tangu enzi za babu wa babu. Aliyeheshimiwa kuliko wote sandukuni mwao alikuwa Malkia, wa ngozi ya paa, mwenye kimo cha mtu mzima. Kullayappa, mume wa Anjinamma, alimshikia fimbo; Anjinamma alimpa sauti, tangu alipoletwa pale bibi harusi. Mwaka huo Malkia akapasuka kifuani. Na kikaragosi kilichochakaa, kwetu sisi, hakitupwi wala hakikatwi. Huzikwa. Hulazwa kwenye jeneza la mianzi, kikafunikwa, kikaliliwa, kisha mkubwa wa nyumba hukibeba peke yake mpaka mto Chitravati na kukiachia maji. Kullayappa alibeba. Alirudi amelowa mpaka kiunoni, na mkewe, machozi bado mashavuni, alimkanda miguu kwa mafuta ya moto. Hilo la kumkanda miguu ndilo linalonikera mpaka leo.

Malkia mpya alikuwa ameshachorwa. Sauti yake angeitoa Nagaveni, kwenye mkesha wa Shivaratri, usiku wa kumwabudu mungu Shiva, mbele ya vijiji vyote vya jirani. Msichana alikuwa na sauti ya kusimamisha watu njiani, na mama yake hakuwa na mali nyingine ya kumrithisha.

Asubuhi baada ya kile kivuli, sauti ikakauka. Nagaveni alifungua mdomo kumwita mama yake, ikatoka pumzi tu. Mchana, nyumba ikiwa kimya, zile mbao tunazozikanyaga nyuma ya pazia ili kutoa mshindo wa vita zikaanza kulia zenyewe stoo. Ta. Ta. Ta. Anjinamma alifungua mlango akakuta vumbi juu ya mbao halijaguswa.

Ulipofika wakati wa kuwasha taa, harufu ya ngozi inayoungua ikatoka kwenye nywele za msichana na kujaa chumba kizima, njuga zikalia miguuni pake ingawa hakuvaa njuga, mikono yake ikaanza kuinuka kwenye viwiko, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna mtu anaiinua kwa fimbo, kichwa kikageuka upande na kubaki hivyohivyo, jicho moja likimkodolea mama yake, maana vikaragosi vyetu huchorwa vikitazama upande, na ndipo mdomo ukafunguka na kutoa sauti ambayo Anjinamma aliitambua kabla hajashika maneno, kwa sababu ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya ujana, aliyompa Malkia miaka yote.

"Mlililia jeneza tupu," ikasema.

Anjinamma alimfuata mumewe uani. Alinong'ona, majirani wasisikie.

"Baba Naga, ulimwachia maji?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Wewe nawe! Mtoto ana mafua, unaniletea habari za ngozi."

"Anasema jeneza lilikuwa tupu."

"Basi mpe tangawizi, ataacha kusema."

Akacheka peke yake.

Kulipokucha, Anjinamma alimwita Obulesu, mganga wa mapepo wa kijiji cha pili. Alikuja na pikipiki mbovu, ndimu zikining'inia kwenye usukani, akadai chai kabla ya kitu chochote, akalalamika haina sukari. Kisha akanusa nywele za msichana, akaweka kikombe chini.

"Huyu hajaokota pepo njiani," alisema. "Amekaliwa na wa humuhumu ndani. Mzee, mlete."

Kullayappa aliwatazama mmoja mmoja. Alipoona mkewe habandui macho kwake, akaingia stoo, akafukua chini ya magunia ya karanga, akatoka na taa za kutundika zenye vifuniko vya ngozi. Kwenye moja palikuwa na mikono ya Malkia. Kwenye nyingine, vazi lake la kijani.

"Ngozi ya paa haipatikani tena," alisema. "Ya mbuzi haing'ai hivi. Ningeitupa mtoni ioze?"

"Nililia mbele yako," Anjinamma alisema. "Nilikukanda miguu."

Alasiri hiyo walikwenda mtoni wote wanne. Obulesu alizifumua taa, akavipanga vipande kwenye jeneza jipya: miguu, kiuno, kifua, mikono. Akasita.

"Uso uko wapi?"

"Uliungua," Kullayappa alijibu upesi. "Nilikuwa naukausha motoni."

"Basi apa." Mganga alimwekea kafuri kiganjani na kuiwasha. "Sikiliza vizuri. Ukiizima kwa ukweli, binti yako anasema sasa hivi. Ukiizima kwa uongo, sauti yake inakwenda na maji, na mimi sina dawa ya kuirudisha. Kama uso upo, taja ulipo. Tutausubiri hata wiki."

Anjinamma alimshika mkono mwingine. "Baba Naga, sitauliza kitu. Hata kama umempa mtu, sitauliza ni nani. Sema tu."

Nagaveni alipiga magoti mchangani, akaunganisha viganja kumsihi baba yake.

Kullayappa alimtazama mtoto. Aliutazama moto. Akafumba kiganja.

"Uliungua," alisema.

Maji yakapanda yenyewe, yakalichukua jeneza. Msichana akageuza kichwa upande, na ile sauti ya ujana wa mama yake ikatoka kwa mara ya mwisho, kwa upole kabisa.

"Uso wangu umetundikwa mjini Dharmavaram, juu ya kitanda cha Sharada. Kila mzee huyu akija kulala kwake, ananiwasha. Leo usiku nitamwasha Sharada."

Kisha Nagaveni akalegea. Midomo yake ilisema "mama", ikasema tena, ikasema tena, na Anjinamma alikuwa akiisoma tu, maana hakuna kilichosikika. Obulesu aliokota ndimu zake akaondoka bila kuaga.

Nyumbani, Kullayappa alivaa shati safi. Anjinamma alimkuta mlangoni akitafuta viatu, na moyo wake, mpumbavu kama mioyo yetu yote, ukaruka kwa matumaini.

"Unakwenda kuuleta uso? Labda bado hatujachelewa. Labda mtoto..."

"Niache nipite, basi litaniacha," alisema. "Nakwenda kumtoa Sharada mle ndani, asije akadhurika."