Shingo ya Sweta la Elika

Kila siku Priska akirudi kutoka shuleni, alikuwa na ratiba ambayo hata kuku wa pale nyumbani waliijua. Alivua sare, akafagia uwanja, akachota ndoo mbili za maji bombani, akawapa kuku uwele, ndipo akaketi kizingitini na mfuko wake wa kufumia. Mdogo wake Zablon, mwenye miaka mitano na maswali hamsini, aliketi ubavuni pake akiwa ameshika bonge la uzi. Mama yao alifanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti palepale mtaani kwao Kizota, na alirudi jua likikaribia kuzama.

Ulikuwa mwezi wa sita, na upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza kuuma masikio. Darasa la sita zima lilikuwa linafuma masweta ya kuwapelekea watoto wa darasa la awali katika shule moja huko Makete, mkoani Njombe. Mwalimu Dorkasi, aliyewafundisha kufuma, aliwahi kuishi huko. Aliwaambia kwamba kuna asubuhi majani huamka meupe kwa barafu, na watoto huingia darasani wameficha mikono ndani ya mashati. Kila mwanafunzi alipewa karatasi yenye jina la mtoto mmoja na vipimo vyake. Ya Priska iliandikwa: Elika Tweve, miaka mitano.

Vilevile kila mwanafunzi alikabidhiwa sindano mbili za mti, nene kama penseli, zilizochorwa namba. Za Priska zilikuwa namba kumi na nne. Mwalimu alitoa sharti moja tu, kwamba sindano ikivunjika au ikipotea, mwenyewe aseme siku hiyohiyo. Hatamchapa mtu, alisema, ila anataka kujua. Priska aliyasikia hayo vizuri kabisa, maana masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Tatizo lilikuwa komeo la banda la kuku. Kijiti chake kilipotea, na Priska, badala ya kutafuta kingine, akachomeka sindano moja ya mwalimu. Aliona ameipatia kweli. Kesho yake mbuzi wa jirani akaukumba mlango kwa pembe, na sindano ikakatika vipande viwili.

Wakati huo Priska alikuwa amekwisha kufuma mgongo na mikono ya sweta. Kifua kilikuwa kimefika kwapani. Alivitazama vile vipande viwili. Mwalimu angemwonaje, yeye anayesifiwa kwa kufuma haraka kuliko wote? Akavitupia kwenye jiko la mkaa, akasubiri mpaka vikawa majivu.

Siku iliyofuata alipitia kwa mjomba wake Matonya, fundi baiskeli, akamwomba spoku mbili za gurudumu. Mjomba alizikata, akazichongoa ncha kwenye tupa, kisha akazipima kwa vidole.

"Mbona nyembamba hivi, mwanangu? Za mwalimu wenu niliziona, ni nene."

"Mwalimu amesema tutumie hizi, mjomba," Priska akajibu, huku akiangalia tairi lililokuwa chini.

Akaendelea kufuma kwa spoku. Alihesabu vitanzi vilevile na mistari ileile aliyofundishwa, bila kupunguza wala kuzidisha. Lakini sindano nyembamba hufanya vitanzi vidogo. Kifua kikaanza kubana kuanzia kwapani kwenda juu, na shingo ikatoka ndogo. Hapo alikuwa bado na nafasi ya kusema. Badala yake akakilowesha kile kipande, akakivuta kila upande, akakibana kwa mawe juu ya mkeka mpaka kikakauka kikiwa kimenyooka. Kisha akakishona pamoja na vingine.

Jumanne mwalimu aliyakagua masweta. Aliweka futi kifuani, mikononi na shingoni, na kwa sweta la Priska vipimo vyote vikakubali. Alilinyanyua juu darasa zima lilione, akasema Priska ndiye wa kwanza kumaliza, wapige makofi. Wakapiga. Priska alitabasamu kwa midomo tu. Baada ya hapo wakaambiwa wakayafue masweta nyumbani, maana yalikuwa yameshika vumbi, na wayarudishe Alhamisi. Ijumaa alfajiri gunia lingepakiwa kwenye basi la Njombe.

Jumatano jioni sweta lilipokauka kambani, Priska alilishika, akalipima kwa viganja. Kifua kilikuwa kimejikunja na kurudi kilivyokuwa. Akamwita Zablon, kwa kuwa umri wake na Elika ni mmoja, akamvisha. Kichwa kiliingia mpaka kwenye paji la uso, kikakwama. Priska akavuta. Zablon akaanza kulia mle ndani, mikono ikipapasa hewani, na mara hii hakuwa na swali hata moja. Lilipotoka, masikio ya mtoto yalikuwa mekundu.

"Usimwambie mama," Priska akamwambia.

"Kwa nini?" Zablon akauliza huku akifuta machozi. Maswali yalikuwa yamerudi. Priska akachukua ndoo, akaenda bombani.

Alhamisi alilikunja sweta kwa ustadi, shingo ikaingia ndani, akalikabidhi. Siku nzima hakusikia somo lolote. Kila mlango ulipofunguliwa alidhani mwalimu amegundua, na kila ulipofungwa alitamani angekuwa amegundua. Anna, anayekaa naye dawati moja, alimuuliza kama anaumwa. Priska akasema ni baridi.

Saa tisa na nusu masweta yote yalikuwa kwenye gunia. Mwalimu Dorkasi alichukua sindano ya magunia na kamba ya katani, akaushona mdomo wa gunia mbele yao. Halafu akatoa simu, akawasomea ujumbe kutoka kwa mwalimu wa kule Makete. Watoto wanasubiri kwa hamu, ujumbe ulisema. Kila mmoja anajua jina la rafiki yake wa Dodoma. Elika Tweve amefurahi mno, mpaka ameshampa mdogo wake sweta lake la zamani, kwa sababu lake jipya liko njiani.

Darasa likacheka kwa furaha. Priska peke yake hakucheka. Kumbe sasa mtoto yule hakuwa na sweta hata moja, wala jipya wala kuukuu. Angelipokea lile, angelivuta kichwani, lingekwama, na angebaki na baridi yake akijiuliza amemkosea nini huyo Priska wa Dodoma.

Kengele ya kwenda nyumbani ililia. Alitembea mpaka getini na wenzake. Hapo miguu ikagoma. Alijiambia kwamba gunia limeshashonwa, yamekwisha. Akajiambia kwamba labda Elika ana kichwa kidogo. Lakini vipimo vya Elika alivijua kwa moyo, na kichwa hakikuwa kidogo. Akawaambia wenzake watangulie, akapiga moyo konde, akageuka.

Mwalimu Dorkasi alikuwa peke yake darasani akifunga madirisha.

"Mwalimu, sweta langu halivaliki," Priska alisema. "Nilivunja sindano. Nikafumia spoku. Ulipolipima Jumanne, nilikuwa nimelivuta kwa mawe."

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe: komeo la kuku, jiko, uongo kwa mjomba, masikio ya Zablon. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Alichukua wembe, akaikata ile kamba ya katani aliyoishona muda mfupi uliopita, akapekua gunia mpaka akalipata sweta. Akaingiza ngumi yake shingoni, akaona inavyobana.

"Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Kaa chini. Fumua mpaka kwapani."

Kufumua ni kazi nyepesi kwa mikono na nzito kwa moyo. Mstari mmoja baada ya mwingine, kazi ya siku nne iliisha kwa muda mfupi, na mwalimu akawa anaukunja uzi kuwa bonge. Alimpigia simu mama yake Priska asiwe na wasiwasi. Kisha akampa sindano zake mwenyewe, zile nene. Priska aliomba amsaidie kufuma ili wawahi.

"Nitakushikia uzi," mwalimu alimjibu. "Kufuma utafuma wewe."

Akafuma. Vidole vilimuuma, na kwa hofu ya muda alikosea mara mbili, ikabidi arudi nyuma. Kila alipotazama dirishani, kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimerefuka zaidi. Uzi uliofumuliwa ulikuwa na mikunjo, na kifua kikawa na mstari pale uzi ulipoanzia upya. Alipofunga kitanzi cha mwisho na kumaliza kushona mabega, jua lilikuwa linagusa mapaa ya karakana za jirani.

Mama alikuwa amefika, amemshika Zablon mkono. Mwalimu alikuwa amemweleza yote kwenye simu. Hakumgombeza binti yake mbele ya mwalimu, lakini jinsi alivyomtazama, Priska alijua mazungumzo yapo njiani.

"Shikamoo mwalimu," Zablon akasema, kisha akaliona sweta, akarudi nyuma hatua mbili. Ilibidi abembelezwe. Priska alipiga magoti, akalipitisha kichwani polepole, akiwa ameacha kupumua. Paji la uso likapita. Masikio yakapita. Uso wa Zablon ukatokea upande wa pili, akiwa amefumba macho bado.

"Limepita?" akauliza.

"Limepita," Priska akasema, na hapo ndipo alipolia.

Mwalimu Dorkasi aliketi kwenye dawati mbele yake, akasubiri anyamaze.

"Sindano si kitu, Priska. Mti upo, na watu wa kuchonga wapo. Ungeniambia siku ileile, tungepoteza dakika tano. Ulivyoficha, ulimdanganya mjomba wako, ukaidanganya futi yangu, na darasa zima likakupigia makofi ya uongo. Kichwa cha mtoto ndicho pekee hukuweza kukidanganya. Unapomfanyia kazi mtu aliye mbali, asiyeweza kukuona wala kukurudishia kitu, mkaguzi ni wewe mwenyewe. Umechelewa kusema, lakini umesema gunia likiwa bado hapa. Likumbuke hilo pia."

Priska aliitikia kwa kichwa. Alisema kwamba kesho atapita kwa mjomba Matonya kumweleza ukweli, na atamwomba amchongee sindano ya mti, kisha yeye mwenyewe ataichora namba kumi na nne na kuirudisha.

Ikabaki kazi moja, nayo ikawa ngumu kuliko walivyotarajia. Zablon alikuwa amegundua kuwa sweta lina joto. Alijikumbatia kwa mikono miwili, akakataa kulivua.

"La nani hili?" akauliza.

"La Elika," Priska akamjibu. "Anakaa kwenye baridi kuliko hii yetu, na la zamani amempa mdogo wake."

Zablon akafikiri kidogo. Kisha akainua mikono juu ili avuliwe.